Mzee kaacha dawa za presha kisa "zinaleta saratani ya tezi dume". Wenye uelewa njooni

Mwana_Mbagala (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Niende moja kwa moja. Mzee wangu ana miaka 68, tunaishi naye Mbagala. Presha anayo toka 2011, anameza losartan na amlodipine. Sukari ilikuja baadaye, akaongezewa metformin. Mwaka juzi mkojo ukaanza kumsumbua: usiku anaamka mara nne, mara tano, akifika chooni anasimama weee, unatoka kwa kudondoka tone tone. Akapimwa, akaambiwa tezi dume imetanuka ila si saratani, akapewa na vidonge vya tezi. Dawa zote anaziweka kwenye kopo tupu la Blue Band. Ukilitikisa linalia kama kayamba.

Sasa wiki mbili zilizopita kuna ujumbe umezunguka kwenye kundi la WhatsApp la wazee wa mtaani: dawa za presha na sukari ukizimeza miaka mingi ndizo zinaleta saratani ya tezi dume, na wazungu wanajua wananyamaza. Ujumbe hauna jina la aliyeandika, hauna tarehe, una alama za mshangao tu. Mzee akaacha losartan, amlodipine na metformin siku hiyo hiyo. Akabaki na kidonge cha tezi peke yake, eti hicho ndicho "kinamlinda".

Mimi nilikuwa sijui. Mama ndiye aliyenishtua Jumapili: "Baba yako leo siku ya tisa hajameza dawa." Tukampima kwa kile kipimo cha nyumbani, 182 kwa 104. Nikimbembeleza ananijibu, "Wewe unataka nife kwa presha au kwa saratani? Niache nichague mwenyewe."

Naomba kueleweshwa: kuna ukweli wowote hapo? Hospitali tunakwenda Alhamisi, kwa hiyo msinijibu "nenda hospitali" mkaishia hapo. Nataka neno la kumwambia usiku huu.

Nawasilisha.

Chai_ya_Rangi

Naweka kiti hapa. Ila mkuu, kabla ya mjadala, mrudishe Mzee kwenye dawa. Hiyo 182 haisubiri watu wamalize kuchangia uzi.

Sista_Temeke

Naunga mkono. Kaka, mpime tena akiwa ametulia dakika kama tano, amekaa, mkono umeegemea meza. Akilalamika kichwa kinauma sana, kifua kinabana, macho yanaona ukungu au upande mmoja umekuwa mzito, msisubiri Alhamisi. Muwahini hospitali usiku huo huo.

Mfamasia_Kkoo

Mkuu Mwana_Mbagala, mimi nauza dawa Kariakoo mwaka wa 14 sasa, na swali la Mzee wako naletewa dirishani mara kwa mara. Nitajibu kidonge kwa kidonge, maana "dawa za muda mrefu" si kitu kimoja.

Losartan. Huu uvumi una wazazi wake, haukuokotwa jalalani. Mwaka 2010 jarida la Lancet Oncology lilitoa uchambuzi uliojumlisha majaribio ya dawa za kundi hili, zile zinazoishia na "sartan". Ukaonyesha waliomeza walipata saratani kwa jumla zaidi kidogo kuliko wenzao. Habari ikaenea. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikakusanya majaribio 31 yenye wagonjwa wapatao 156,000, na 2011 ikatoa jibu: hakuna ongezeko la saratani, na ya tezi dume nayo waliiangalia. Halafu 2018 likaja jambo jingine kabisa. Baadhi ya vidonge vya valsartan viliondolewa sokoni nchi nyingi kwa sababu ya uchafu uitwao NDMA ulioingia wakati wa kutengenezwa. Ule ulikuwa uchafu wa kiwandani, dawa yenyewe haikuwa na kosa. Ila mtaani mambo haya mawili yamepikwa sufuria moja, na ndicho chakula anacholishwa Mzee kwenye simu.

Amlodipine inamezwa na mamilioni ya watu duniani na tafiti zimeiangalia. Hazikutoa kitu cha kumfanya mtu aache. Napita.

Metformin, hapa uvumi umevaa shati nyuma mbele. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakijiuliza kama *inapunguza* saratani hii. Tabu ni kwamba wanaume wenye kisukari cha ukubwani, hata tukiweka vidonge pembeni, hukutwa na saratani ya tezi dume kidogo kuliko wasio nacho. Sasa ukimkuta mmeza metformin hana saratani, utakishukuru kidonge au sukari yenyewe?

Na kuna mtego ambao hata wasomi huwanasa. Mtu anayekwenda kliniki ya presha kila mwezi, siku moja atakutana na daktari atakayemwambia, "Mzee, hebu pima na PSA," kile kipimo cha damu cha kuangalia tezi dume. Mwenzake wa umri ule ule anayesukuma mkokoteni huku kwetu Kariakoo, hajui hata kadi ya kliniki ina rangi gani. Hapimwi, kwa hiyo kwenye daftari ni mzima. Na saratani hii inaweza kukaa miaka bila kubisha hodi. Ukiwalinganisha hao wawili utaapa kwamba dawa ndiyo mchawi.

Sasa nami nikuulize. Hicho kidonge cha tezi kinaitwaje? Na PSA yake ya mwisho ilisoma ngapi, na alipima lini?

Chai_ya_Rangi

Mfamasia umeshusha nondo. Ila umeuliza kidonge cha tezi kama askari aliyeona kitu kwenye buti la gari.

Bingwa_wa_Virutubisho

Wakuu mnahangaika na kemikali za nini? Nina kifurushi cha vitamini E na seleniamu, kinasafisha tezi dume ndani ya siku 30, hakina madhara kwa sababu ni asili. Mikoani natuma. Njoo PM.

Sista_Temeke

Bingwa, afadhali ungetaja kitu kingine chochote.

Vitamini E na seleniamu zilipimwa kwa kazi hiyo hiyo, kwa wanaume 35,533 wa Marekani, Canada na Puerto Rico. Jaribio liliitwa SELECT, lilianza 2001, na 2008 wakaambiwa waache vidonge kwa sababu havikuonyesha faida. Waliendelea kufuatiliwa, na 2011 hesabu ikatoka: waliopewa vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 *zaidi* ya waliopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani. Kwa lugha ya sokoni, katika kila wanaume 1,000 kwa miaka saba, kidonge kitupu walipatikana 65, vitamini E 76. Seleniamu haikumkinga mtu.

Kwa hiyo kama Mzee anatafuta kidonge cha kukiogopa, wewe ndiye unakiuza. Na kiliitwa "asili" tangu enzi hizo.

Bingwa_wa_Virutubisho

Hizo tafiti za mabeberu.

Sista_Temeke

Na vidonge vyako vimeandikwa vimetengenezwa Rufiji?

Chai_ya_Rangi

😂😂😂 Moderator funga mlango, kuna mtu kaumia.

Mzee_wa_Kimara

Wanangu, nami mtu mzima nichangie. Nina miaka 71, metformin nakula mwaka wa 12. Mkwe wangu alinisomea kwamba inazuia saratani ya tezi dume, nikafurahi, nikajiona nina bima mbili kwa malipo ya moja. Kumbe nayo ni hadithi?

Mfamasia_Kkoo

Shikamoo mzee wangu. Hadithi haikuwa, yalikuwa matumaini ya kweli ya wanasayansi. Waliipeleka kwenye majaribio, wakawapa wanaume ambao tayari wana saratani ya tezi dume, lakini matokeo yaliyotoka 2024 yaliwavunja moyo. Wewe endelea nayo kwa ajili ya sukari, kazi hiyo inaijua vizuri. Tezi yako ipimwe kama ya mtu mwingine yeyote.

Hali ni hiyo hiyo kwa dawa za kushusha mafuta kwenye damu, atorvastatin na simvastatin. Tafiti za kufuatilia watu zimewaona watumiaji wakipata saratani kali kidogo pungufu, lakini mtu anayemeza dawa ya mafuta kwa uaminifu mara nyingi ndiye huyo huyo asiyevuta sigara na anayetembea jioni. Kuongeza hatari haijaonekana.

Aspirini ndogo naomba msianze kununua kwa kujikinga. 2018 jaribio la ASPREE liliwachukua wazee 19,114 wenye afya, wengi miaka 70 na zaidi. Waliomeza aspirini hawakuishi kwa afya muda mrefu kuliko wenzao, ila walitokwa damu zaidi tumboni na kichwani. Aliyeandikiwa kwa sababu ya moyo au kiharusi aendelee, huyo ni kesi nyingine.

Mzee_wa_Kimara

Marahaba. Mkwe nitamwambia, japo kwa upole maana mahari bado hajamaliza.

Mwana_Mbagala

Nimerudi. Mama amemshikia Mzee kopo, kameza losartan na amlodipine huku ananiangalia kama mkopeshaji. Metformin kesho na chai.

Mfamasia, kuhusu jina la kidonge cha tezi kuna kituko. Yeye hununua kipande kipande, wanamkatia kwa mkasi. Nimevipanga mezani: kimoja kina nusu ya mwezi na mwaka wa kuisha, kingine kimekatwa katikati ya jina, kimebaki na "…steride" na chini yake "5 mg". Kasha jeupe la dawa ya mkojo lenye "tamsulosin" lipo pia, lakini la zamani, limebaki tupu.

PSA alipima miezi mitatu iliyopita, kwenye maabara moja hapa mjini. Karatasi ninayo mkononi: 3.4, na pembeni wameandika kawaida ni 0 mpaka 4. Tukashangilia, tukala na pilau.

Mfamasia_Kkoo

Steride ya 5 mg ni finasteride. Dutasteride ingekuwa 0.5. Ameanza lini?

Mwana_Mbagala

Mwaka na miezi minne. Ndiyo maana mkojo sasa unatoka vizuri.

Mfamasia_Kkoo

Basi mkuu kaa chini. Mzee hajafa, usitetemeke, lakini soma taratibu.

Finasteride inazuia testosteroni isigeuzwe kuwa ile homoni kali zaidi inayoinenepesha tezi. Tezi inasinyaa, mkojo unapata njia. Na PSA, kwa kuwa inatengenezwa na tezi hiyo hiyo, inashuka nayo. Mtu akishafikisha kama miezi sita mpaka mwaka kwenye kidonge hiki, namba yake inakuwa imeshuka karibu nusu. Kwa hiyo daktari anayejua mgonjwa yuko kwenye finasteride anaizidisha mara mbili ndipo aisome. Hiyo 3.4 ya Mzee isomeke kama 6.8.

6.8 si hukumu. Tezi iliyotanuka tu inaweza kuifikisha hapo, maambukizi ya mkojo yanaweza, hata kuwekewa mpira wa mkojo juzi kunaweza. Lakini si namba ya kulia pilau. Kitu kingine cha kumuuliza daktari: je, alipima PSA kabla ya kuanza, na baada ya kuanza ilishuka mpaka wapi? Kwa mtu aliye kwenye finasteride, PSA ikianza kupanda kutoka pale iliposhukia, inatakiwa kufuatiliwa hata kama bado iko chini ya 4.

Tamsulosin haina mchezo huo. Yenyewe inalegeza misuli ya njia tu, PSA inaiacha ilivyo.

Kipara_Sinza

Subiri kwanza. Mimi nina miaka 36, natumia finasteride ya 1 mg kwa ajili ya huu uwanja wa ndege kichwani. Na mimi?

Mfamasia_Kkoo

Na wewe. Hata 1 mg inashusha PSA. Kwa umri wako hakuna atakayekupima kesho, lakini ukifika miaka 50 bado unaimeza, ukaulizwa "una dawa yoyote?" ukajibu "hapana" kwa sababu kwako hiyo ni ya nywele, umemdanganya daktari bila kujua.

Chai_ya_Rangi

Sasa swali la uzi. Hiyo finasteride yenyewe inaleta saratani au haileti?

Mfamasia_Kkoo

Hapo ndipo penye kisa kizuri kuliko vyote, na ni ajabu kwamba wale wa WhatsApp wameruka dawa pekee yenye kesi ya kujadiliwa.

Wanaume 18,882 huko Marekani, umri 55 na zaidi, wengine walipewa finasteride 5 mg na wengine kidonge kitupu, kwa miaka saba. Matokeo yalitoka 2003. Waliokutwa na saratani ya tezi dume: 18.4% kwa finasteride, 24.4% kwa kidonge kitupu. Yaani kidonge kilipunguza karibu robo. Lakini saratani za daraja kali zilikuwa 6.4% kwa waliomeza na 5.1% kwa wasiomeza. Hapo watu wakaingiwa na hofu, na 2011 FDA ikaagiza jambo hilo liandikwe kwenye vikaratasi vya finasteride na dutasteride.

Maelezo yaliyokuja baadaye ni haya. Saratani ya tezi dume hutafutwa kwa sindano inayochukua vinyama hapa na pale. Tezi ikiwa imesinyaa, sindano ina nafasi kubwa ya kukigusa kile kilichojificha. Jiwe utalipata upesi kwenye kisado cha mchele kuliko kwenye gunia. Wanaume wale waliendelea kufuatiliwa, karibu miaka 18, na vifo vya saratani ya tezi dume vikawa 42 kwa waliomeza na 56 kwa wasiomeza. Kidonge hakikuua watu.

Mimi kinachonikosesha usingizi ni watu wanaokimeza bila kuambiwa kinachoifanyia namba. Na sisi wauzaji tuna dhambi yetu hapo, tunakata kipande, jina linabaki dukani.

Sista_Temeke

Niongezee moja. Kwa Tanzania saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanaume, na sisi weusi tuna hatari kubwa kuliko wengine, na tukiipata tunachelewa kwenda hospitali. Wengi hufika mifupa ya mgongo ishaanza kuuma. Kaka, uliza upande wa baba yako: kuna kaka au baba aliyeugua? Akiwepo mmoja, hatari ya Mzee ni karibu mara mbili. Hiyo ina uzito kuliko kidonge chochote mlichokitaja humu.

Na kipimo cha kidole, daktari anapoipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, asikikatae. Ni sekunde chache.

Mwana_Mbagala

Baba mdogo alifariki 2016. Tuliambiwa "mgongo". Aliuguzwa nyumbani, hakuna aliyepima kitu.

Kidole ndiyo vita nyingine. Mzee ameshasema hafunuliwi na mtoto wa watu.

Mwana_Mbagala

Mrejesho wa Alhamisi. Tumetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni. Hospitali siitaji.

Daktari ni kijana, pengine mdogo kwangu. Kamwamkia Mzee shikamoo, kachukua karatasi ya PSA, kasoma 3.4, kisha kabla hajasema neno kauliza, "Baba, unatumia dawa gani?" Mzee kama kawaida yake: "Za presha." Nikalitoa kopo kwenye mkoba nikalimimina mezani. Daktari kavigeuza vile vipande kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu, kafika kwenye "…steride", kakisogeza pembeni peke yake. Kaandika 3.4 × 2 kwenye kona ya faili. Mfamasia, nilikukumbuka.

Nikamtajia na habari ya baba mdogo. Hiyo nayo ikaandikwa.

Kuhusu ule ujumbe, daktari hakubishana. Kamwambia, "Baba, losartan usiiache. Ukipata kiharusi hiyo tezi hatutaishughulikia tena." Mzee akanyamaza.

Wamechukua mkojo kuangalia maambukizi, hakuna. PSA imerudiwa, imekuja 3.9 akiwa bado kwenye kidonge. Maana yake imepanda. Kaandikiwa picha ya MRI, kisha kuchukuliwa vinyama. Wakikuta kitu tutaelekezwa Ocean Road, hospitali ya saratani.

Mzee_wa_Kimara

Mungu amsimamie. Nami nimemimina dawa zangu mezani leo, nimekuta mbili sijui za nini.

Chai_ya_Rangi

Mwana_Mbagala, vipi kuhusu kidole? Kilipita?

Mwana_Mbagala

Vinyama vimechukuliwa Jumanne, majibu tumeambiwa wiki mbili. Presha leo asubuhi 138 kwa 86. Kopo limerudi mezani, ila Mama amebandika karatasi kwenye mfuniko, kaandika majina yote manne kwa herufi kubwa, na finasteride kaipigia mstari chini.

Kuhusu kidole, nilimuuliza njiani kwenye daladala. Akaangalia dirishani mpaka tulipofika Zakhem, kisha akasema hilo swali nisilirudie tena nyumbani kwake.